Mwisho wa Reli: Stesheni ya Mwanza na Vita Vyake

Katika bandari ya Mwanza Kusini, reli haikomi ukutani. Inateremka mpaka gatini, inapita juu ya daraja fupi la chuma linaloinuliwa na kushushwa kufuata kina cha ziwa, kisha inaingia melini. MV Umoja ina reli sitahani mwake. Mabehewa husukumwa ndani, yakapangwa na kufungwa minyororo, na safari iliyoanzia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 nyuma, ikaendelea majini.

Mgeni anaweza kudhani huo ni ufundi wa wahandisi tu. Lakini ukifuatilia habari za stesheni ya Mwanza katika miaka ya vita, utakuta kila kizazi kilikabiliwa na shida ileile: mzigo ukishafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, nani aushushe, na uvuke kwa chombo gani? Historia tunazosimuliwa hutaja majenerali na miji iliyotekwa katika vita vya 1978–1979, yaani Mutukula, Masaka na Kampala. Stesheni hazitajwi, na mkuu wa stesheni hana sanamu popote. Hata hivyo hakuna jeshi lililofika Mutukula kwa miujiza.

1914–1916: Vita bila reli

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki mwezi Agosti 1914, Mwanza ilikuwa boma la Wajerumani lenye bandari na kituo cha redio, lakini haikuwa na reli. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, nayo Mwanza ikaachwa kando. Tawi ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulijenga kutoka Tabora halikukusudiwa kuja ziwani huku. Lilielekea Rwanda, nchi waliyoiona ina watu wengi na mazao. Vita viliikatisha kazi hiyo ikiwa changa.

Kaskazini ya ziwa hali ilikuwa nyingine kabisa. Reli ya Uganda kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901, na kwa reli hiyo Waingereza walileta meli nzimanzima zikiwa vipande, wakaziunganisha pale Kisumu na kuzishusha majini. Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga zilijengwa kubeba abiria, pamba na ngozi. Vita vilipoanza, baadhi yake zilifungwa mizinga na kugeuzwa manowari za ziwani. Wajerumani wa Mwanza walikuwa na tagi moja ndogo yenye silaha, Muansa, pamoja na mashua. Nani angelitawala ziwa lilikuwa jambo lililokwisha kuamuliwa zaidi ya miaka kumi kabla ya risasi ya kwanza, pale upande mmoja ulipopata stesheni ufukweni na mwingine ukakosa.

Uzito wa upungufu huo unaonekana katika habari ya mzinga mmoja. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, lakini mizinga yake kumi iliokolewa na kugawanywa sehemu mbalimbali za koloni. Mmoja uliletwa Mwanza. Mpaka Tabora ulikuwa na reli. Kutoka hapo ilibaki nchi ya Unyamwezi na Usukuma, zaidi ya kilomita 300 za tifu wakati wa kiangazi na matope ya mbuga wakati wa masika, na chuma kile kilisogezwa kwa nguvu za watu. Kila kitu kilisafiri hivyo, risasi, dawa, unga na chumvi, kikiwa kichwani au begani mwa mpagazi. Pande zote mbili ziliwatumia wapagazi kwa mamia ya maelfu katika vita vile, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Waliouawa na kuhara damu, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kwa meli zao, wakaishambulia Bukoba na kukiharibu kituo cha redio. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Ukerewe, kisha Mwanza. Kikosi cha Brigedia Jenerali Charles Crewe hakikuikabili bandari uso kwa uso. Kilishushwa pembeni na kuujia mji kwa nchi kavu, na tarehe 14 Julai 1916 Mwanza ikawa mikononi mwa Waingereza. Wajerumani walirudi nyuma kwa barabara ya Misungwi kuelekea Tabora.

Hapo Crewe alionja mwenyewe kilichowatesa Wajerumani. Alikuwa na meli nyuma yake, lakini mbele yake hapakuwa na reli hata futi moja. Kikosi chake kilijikokota kupitia Shinyanga kikikosa maji na wapagazi. Jeshi la Wabelgiji la Jenerali Tombeur, lililotoka upande wa Kongo, likaingia Tabora kwanza, tarehe 19 Septemba 1916. Waingereza wa Mwanza walikuwa bado njiani.

1925–1939: Pamba yaleta kilichoshindwa kuletwa na vita

Mtu angetazamia kwamba baada ya mateso hayo serikali mpya ya Kiingereza ingejenga reli kwa sababu za kijeshi. Haikuwa hivyo. Kilichoileta reli Mwanza ni pamba.

Usukuma ilikuwa ikivuna pamba inayozidi kuongezeka kila mwaka, na karibu yote iliondoka kwa meli kwenda Kisumu, kisha Mombasa. Nauli ya Tanganyika ikanufaisha reli ya Kenya na Uganda. Serikali ya Dar es Salaam, chini ya Gavana Donald Cameron aliyeanza kazi mwaka 1925, haikutaka kuendelea kuitazama mali hiyo ikipita mlango wa jirani. Njia ya takribani kilomita 380 ikajengwa kutoka Tabora kupitia Shinyanga, na mwaka 1928 treni ikafika Mwanza.

Stesheni iliwekwa karibu na ziwa, chini ya milima ya mawe. Mji ukaanza kujipanga upya kuifuata: maghala, vinu vya kuchambua pamba, maduka ya Wahindi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Watu waliofuata kazi ya mji walisogea kwenye miteremko ambayo hakuna mzungu aliyeitaka, na ndivyo miaka mingi baadaye vitongoji kama Igogo na Mabatini vilivyojaa nyumba zilizopandiana katikati ya majabali, huku bonde la Mto Mirongo likiwa chini yake.

1939–1945: Wanaoondoka

Vita vya Pili vya Dunia havikupiganwa Mwanza, na kwa hiyo huwa vinarukwa. Kwa stesheni, hata hivyo, ilikuwa miaka ya shughuli nyingi. Safari hii reli haikuleta vita ziwani. Iliwachukua watu wa ziwani ikawapeleka vitani.

Makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika waliingizwa katika King's African Rifles na vikosi vya kazi, wengine kwa hiari, wengine kwa amri ya machifu na mabwana shauri. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, Madagaska mwaka uliofuata, na Burma mwishoni mwa vita. Mmoja wa walioandikishwa mwaka 1942 alikuwa kijana kutoka Butiama, upande wa Musoma, aliyeitwa David Musuguri. Alipelekwa Madagaska. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Uchumi nao ulivaa sare. Pamba ilihitajika, dhahabu ya Geita ilihitajika, na mwaka 1940 John Williamson aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga, wakati ambapo viwanda vya silaha vilikuwa na njaa ya almasi za kukatia vyuma. Pamba ikashuka kwenda pwani, mitambo na mafuta yakapanda. Vipuri havikutoka tena Ulaya kwa wakati, basi mafundi wakazoea kuvua chombo kimoja ili kukiponya kingine. Ujuzi huo ulikuja kuhitajika tena miaka zaidi ya thelathini baadaye.

1948–1977: Shirika moja lavunjika

Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda. Ziwa zima likawa chini ya mamlaka moja, na katika miaka ya 1960 zikaja meli mbili za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru. Behewa lililopakiwa Mwanza liliweza kufunguliwa Kisumu au Jinja bila gunia hata moja kuguswa njiani. Lakini karakana kubwa zilikuwa Nairobi, na makao makuu pia.

Siasa zikayavuruga hayo. Nchini Uganda Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote mwezi Januari 1971, naye Rais wa Tanzania, Mwalimu Nyerere, akampokea Obote. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kuivamia Uganda wakashindwa. Ndege za Amin zikajibu kwa kupiga mabomu Bukoba na Mwanza. Kwa wengi wa Mwanza hiyo ndiyo mara ya kwanza kujua kwamba mpaka ulioonekana uko mbali, ng'ambo ya maji, kwa ndege uko karibu sana.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyosimamia reli na meli hizo, ilikufa. Nchi ziligawana mali kwa kushikilia kila moja kilichokuwa ndani ya mipaka yake siku ile, na vichwa vingi vya treni vilikuwa Kenya. Tanzania iliunda Shirika la Reli lake ikiwa na upungufu wa injini, mabehewa na karakana. Ziwani ilibaki na MV Victoria na MV Umoja, huku Kenya ikibaki na Uhuru.

Kulikuwa na reli nyingine nchini, mpya kabisa, ya TAZARA, iendayo Zambia. Hiyo haikuweza kusaidia. Wachina waliijenga kwa upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika, wakati Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Milimita 67, upana wa vidole vitatu au vinne, zilitosha kuifanya injini mpya ya TAZARA isiwe na faida yoyote kwa askari aliyetakiwa Mwanza.

Oktoba 1978 – Aprili 1979: Kila kitu kwa njia moja

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Kagera kwa maelfu. Kikosi cha Tanzania kilichokuwa huko kilikuwa kidogo, na eneo la kaskazini ya Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800, likatekwa. Mwanzoni mwa Novemba Waganda walilivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Nyerere alilihutubia taifa. Uwezo wa kumpiga tunao, alisema, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo.

Sababu na nia hazikuwa na ubishi. Uwezo ulikuwapo pia, ila ulikuwa umetawanyika nchi nzima, mbali na vita. Kambi kubwa za jeshi zilikuwa pwani, Tabora na kusini. Silaha na vifaa kutoka nje viliingilia bandari ya Dar es Salaam. Petroli na dizeli zilisafishwa Kigamboni, kwenye kiwanda cha TIPER. Bukoba, mji mkuu wa mkoa uliovamiwa, haikuwa na reli, na mpaka leo haina. Mvua za vuli nazo zilikuwa zimekwisha kuanza.

Njia zilikuwa chache. Malori yalikwenda kwa barabara ambazo nyingi hazikuwa na lami. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliiweka nchi katika hali ya vita, na serikali ikachukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi ili yabebe askari. Lakini mzigo mzito na watu wengi vilibebwa na reli: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora, kisha kukata kaskazini kupitia Shinyanga mpaka Mwanza. Jeshi lililoanza likiwa na watu chini ya 40,000 lilivimba likapita 150,000 pamoja na mgambo, na hesabu hiyo yapasa kusomwa kwa macho ya mtu wa stesheni. Kila askari ni nafasi ndani ya behewa, na juu yake kuna gunia la unga, sanduku la risasi, hema, sufuria na pipa la maji. Njia yenyewe ni moja. Treni inayopanda na inayoshuka hupishana kwenye vituo vyenye reli mbili tu, na moja ikichelewa Malampaka, nyingine inasubiri Shinyanga.

Ilipofika Mwanza treni ilikuwa imefika nusu ya kazi. Kutoka hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni barabara, kwa kuuvuka mkono wa ziwa kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi, kisha Geita, Biharamulo na kupanda Kagera, mwendo mrefu unaoharibu magari. Ya pili ni maji, kutoka bandarini moja kwa moja hadi Bukoba au Kemondo. Ndiyo maana kuli wa bandari, mfanyakazi wa kupanga mabehewa na nahodha wa ziwani walikuwa na vita vyao wenyewe, visivyo na nishani. Kilichofika jioni kilipaswa kuondoka, kwa sababu nyuma yake palikuwa na treni nyingine inayotaka nafasi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna simulizi iliyozoeleka kwamba Tanzania ilichelewa kujibu uvamizi kwa kusitasita. Sioni kusitasita. Naona umbali, reli ya njia moja, shirika lenye umri wa mwaka mmoja na kitu na upungufu wa injini. Mwisho wa Novemba sehemu kubwa ya jeshi la Amin ilikuwa imerudi nyuma ya mpaka, na daraja la muda lilikuwa limewekwa Kyaka. Kwa reli ile, huo ni mwendo wa haraka.

Januari 1979 Mutukula, upande wa Uganda wa mpaka, ilitekwa. Aliyeongoza mashambulizi baada ya hapo, kamanda wa Divisheni ya 20, alikuwa yule kijana wa Butiama wa mwaka 1942, sasa Meja Jenerali Musuguri. Februari ikaanguka Masaka, na Machi Walibya waliotumwa na kiongozi wao Gaddafi kumwokoa Amin walipigwa Lukaya. Kila hatua mbele iliurefusha mkia wa ugavi, na mkia huo ulianzia Mwanza.

Hilo Walibya walilijua. Mwishoni mwa Machi, baada ya Gaddafi kuitishia Tanzania iondoe majeshi yake Uganda na Nyerere kukataa, ndege moja ya Libya aina ya Tu-22, iliyotengenezwa Umoja wa Kisovieti, ilitumwa kuyapiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Lengo lilichaguliwa kwa akili. Mafuta yaliyoletwa na reli yakiungua, meli zinasimama, malori yanasimama, na jeshi lililo mbele linabaki na vifaru visivyokwenda. Mabomu yakakosa shabaha. Yaliangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ndogo ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1964 na kupewa jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua na kulima pale zamani. Waliouawa ni wanyama. Watu wa mjini bado husimulia kisa hicho wakicheka, na mtu aliyekoswa na bomu ana haki ya kucheka. Ila ukitazama ramani, kisiwa kile kiko jirani mno na bandari. Rubani mwenye shabaha nzuri zaidi angekata mshipa wa vita vyote.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa.

1979 na kuendelea: Bili

Askari walirudi kwa mafungu. Baadhi yao walibaki Uganda mpaka mwaka 1981. Wengi waliopoteza maisha walizikwa Kaboya, Kagera. Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipokwisha, mikanda haikulegea. Fedha za kigeni zilikuwa zimekwisha, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na vichwa vya treni vilivyokimbizwa usiku na mchana vilihitaji vipuri ambavyo hakukuwa na fedha ya kuvinunulia. Abiria wa Mwanza wa miaka ya 1980 wanajua maana yake: kulala stesheni juu ya mizigo, kuambiwa treni imekwama Tabora, kungoja tena. Lawama nyingi zilielekezwa kwa uzembe wa shirika, nyingine kwa haki. Lakini sehemu ya ile treni iliyokosekana ilikuwa imetumika kumng'oa Amin, na sijaona mahali ambapo hesabu hiyo imeandikwa.

Mwaka 1994 vita vya jirani viliigusa tena njia hii. Mwisho wa Aprili, robo milioni ya Wanyarwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na chakula chao kikaanza kupandishwa kutoka pwani kwa reli na malori. Isaka, kituo kilichopo kabla ya Shinyanga ukitokea Tabora, kikawa kikubwa kuliko kilivyowahi kuwa, kwa sababu barabara ya Rwanda inaanzia hapo. Kwa mara ya kwanza stesheni ya Mwanza haikuwa mwisho wa lazima.

Jenerali Musuguri alifariki dunia tarehe 29 Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, juu ya kilima kinachoutazama mji na ziwa.

MV Umoja, baada ya miaka mingi ya kutofanya safari hiyo, ilirudi kubeba mabehewa kutoka Mwanza hadi Port Bell, kando ya Kampala, mwaka 2018. Shehena ya mwanzo ilikuwa chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vita vya Sudan Kusini vilikuwa vimewajaza wakimbizi Uganda, na njia iliyowahi kupitisha risasi sasa ilipitisha nafaka.

Tangu mwaka 2021 reli mpya ya kisasa, SGR, inajengwa kati ya Isaka na Mwanza, kilomita 341, na mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, likakiondoa kivuko kilichowachelewesha madereva wa 1978. Upana wa SGR ni milimita 1,435. Reli zilizo sitahani mwa Umoja ni za milimita 1,000. Behewa la SGR likifika ziwani, mzigo wake utalazimika kushushwa.